Upande wa Pili wa Karatasi

Kila mtaa una mtu wake wa kuulizwa, na mtaa ule ulikuwa na mshona vitabu. Alikuwa mzee wa miwani iliyofungwa uzi, na wote walimwita Profesa ingawa shule aliiacha darasa la nne. Uprofesa wake aliupatia mezani. Vitabu vya wataalamu vilimfikia kutoka kwa mchapaji vikiwa bado karatasi kubwa kama shuka, hazijakunjwa, zimelala marundo marundo. Kabla hajagusa kazi alisimama mbele ya kila rundo, mikono nyuma, akasoma karatasi ya juu kama mtu anayesoma tangazo ukutani. Alichosoma kilimganda kichwani kuliko gundi.

Basi jirani akigombana na jirani, au kijana akimtoroka baba yake, watu walisimama mlangoni pa karakana wakauliza, "Profesa, wataalamu wanasemaje?" Profesa hakukosa jibu. Ila majibu yake yalikuwa na mtindo wa kuanza kwenye maadili na kuishia kwenye madirisha ya shule, na ukimuuliza vipi, alisema, "Wataalamu wanaruka kama panzi. Kazi yako ni kuwafuata."

"Mume wangu huyu," mkewe alizoea kusema, "vitabu vyote vya mji vimepita mikononi mwake, na hakuna hata kimoja anachojua kiliishaje."

Watu walicheka, Profesa akacheka nao. Hakuna aliyejua kwamba mama wa watu alikuwa amesema kweli tupu.

Katika maneno yote ya wataalamu, moja lilikuwa kipenzi chake. Alilipata ujanani, katika kitabu cha malezi alichokishona yeye na marehemu baba yake, na tangu hapo akatembea nalo kama fimbo: "Tabia ya mtu iko damuni. Elimu ni rangi juu ya ubao. Ukiikwaruza, ubao ni ule ule." Kwa neno hilo Fundi Viatu wa mlango wa pili alimwachisha shule binti yake wa kambo, siku mama wa binti alipokimbia na mwanamume mwingine. "Profesa kasema iko damuni," Fundi Viatu aliwaambia watu, na binti akapelekwa kwa dobi kupiga pasi mashati ya wenzake.

Na kwa neno hilo hilo, Sindano alikuwa karibu kunyimwa kisu.

Sindano lilikuwa jina la utani, lakini lilikuwa limeshamshona. Aliingia nyumba ile akiwa wa kubebwa mgongoni, binti wa mpangaji wa chumba cha nyuma aliyekufa kwa homa. Mama, mke wa Profesa, alimchukua, akamwogesha, akampa kitanda, na habari ikaishia hapo. Alisoma darasa la saba akamaliza, kisha akakaa mezani na Profesa, aliyemwita baba. Kukunja ni yeye, kushona ni yeye, kupaka gundi ni yeye. Hakuwa msemaji. Alikuwa mtazamaji: aliweza kulikodolea jambo macho mpaka jambo lenyewe likaona haya, likajieleza.

Kazi moja tu hakuruhusiwa, nayo ni kukata. Mashine ya kukatia ilikaa pembeni, chuma kitupu, gurudumu la kubania juu, mpini mrefu ubavuni, na kisu kipana kama mlango wa kabati. Kitabu kikishashonwa, kurasa zake huwa bado zimefungana penye mikunjo. Kisu ndicho kinachozifungua na kuzipa ukingo. Ukikata kombo, umekata kombo. Karatasi haioti tena. Kwa hiyo katika nyumba ile mwenye kukata ndiye mwenye karakana. Baba yake Profesa alikata mpaka akafa, Profesa akapokea. Sasa mikono ya Profesa ilikuwa imeanza kutetemeka, kwanza asubuhi tu, kisha kutwa.

Alilisema mezani, chai bado inatoa mvuke.

"Mpwa wangu anakuja. Kitabu kijacho kikifika, namkabidhi kisu."

Sindano aliweka kikombe chini polepole. "Baba, mpwa wako anauza makava ya simu."

"Babu yake mzaa mama ndiye baba yangu mimi. Mkono wa kukata haupotei katika damu. Unalala tu."

"Basi umelala fofofo," Mama alisema. "Mara ya mwisho nilimpa kitunguu akikate, akakatika yeye."

"Mke wangu, usinichekeshe, naongea jambo zito." Profesa alimgeukia Sindano, sauti ikalainika. "Mwanangu, sikukatai. Kwa kushona hakuna anayekufikia. Lakini kisu ni cha damu. Sisemi mimi. Wanasema wataalamu."

Hapo ndipo palipouma. Lau angesema hataki tu, Sindano angejua pa kushika. Baba ni mtu, hubembelezwa, hununiwa, hupikiwa. Lakini utabishana vipi na mtaalamu usiyemwona, aliyejificha nyuma ya baba yako kama mtu nyuma ya pazia? Sindano alikusanya vikombe akaviosha, na alipokuwa akiviosha alikata shauri: huyo mtaalamu nitamtafuta. Hata kama amekufa nitamuuliza.

Hakumtafuta mbali. Mtaalamu alikuja mwenyewe, juu ya mkokoteni.

Mchapaji alileta kazi mpya, marundo yakapangwa sakafuni, na Profesa akasimama kama kawaida yake, mikono nyuma. Alipofika rundo la tatu alipiga ukelele uliomtoa Mama jikoni.

"Kitabu changu! Kimerudi! Wamekichapa upya!"

Kilikuwa kile kile cha ujanani, cha yule mwanamke msomi aliyeandika juu ya asili ya mtu, mila zake na malezi yake. Profesa aliinama, pua karibu iguse karatasi, akasoma kwa sauti, na neno lake likatoka kama alivyolijua siku zote: tabia iko damuni, elimu ni rangi. Kisha jicho lake likahamia ukurasa uliofuata kwenye karatasi ile, na huo ulizungumzia madarasa yenye madirisha makubwa ya kuingiza hewa.

"Mnaona?" alisema, machozi yakimlengalenga kwa furaha. "Panzi."

Mpwa alikuwa ameshafika, kijana mchangamfu wa shati la maua, makava ya simu yamejaa mfukoni. Alimwamkia mjomba wake kwa mikono miwili, akamwamkia Mama, akamwambia Sindano, "Dada, mjomba kaniambia mimi ni mkataji. Nikauliza, wa nini? Akasema utajua ukifika. Sasa nimefika na sijajua."

"Kaa hapo," Sindano alimwambia. "Utaanza kwa kukunja, uone kitabu kinavyotokea."

Akachukua karatasi ya lile rundo la tatu akamwonyesha. Karatasi moja hubeba kurasa nane, nne juu na nne chini. Ikiwa imelala wazi, kurasa hazifuatani hata kidogo: upande wa juu unauona wa kumi na saba, kisha ubavuni pake wa ishirini na nne, na hapo juu yake, kichwa chini miguu juu, wa ishirini na wa ishirini na moja. Zilizo katikati zimelala kifudifudi upande wa pili. Ni mpaka uikunje mara moja, uikunje tena, ubane mikunjo kwa kipande cha mfupa, ndipo kurasa zinapopanga foleni kama watoto wa shule.

"Kumbe," Mpwa alisema. "Sasa mtu akisoma hivi ilivyo wazi?"

"Atasoma…" Sindano alianza, na mkono wake ukasimama.

Akaitazama karatasi. Akaukodolea macho ukurasa wa kumi na saba, pale chini kabisa penye neno la baba yake, na ukurasa wa ishirini na nne ubavuni pake, wenye madirisha. Kisha akaigeuza.

Ukurasa wa kumi na nane ulianza hivi: "Hayo ndiyo niliyofundishwa, nami nikayafundisha. Leo nayakana."

Sindano alisoma mpaka mwisho, akasoma tena, huku Mpwa akikunja karatasi yake mpaka ikafanana na kofia. Alihisi kwanza kicheko kinampanda, kisha kitu kingine kikakizuia njiani. Miaka yote ile. Mzee wa watu alisimama mbele ya kila rundo, akasoma upande uliomtazama, akaenda zake kuutangazia mtaa. Vitabu vizuri huwa na desturi ya kumpa mpinzani nafasi ya kusema kabla ya kumjibu. Profesa alikuwa akibeba maneno ya mpinzani na kuliacha jibu sakafuni.

Binti wa Fundi Viatu, pale kwa dobi, alikuwa anapiga pasi kwa sababu karatasi haikugeuzwa.

Jioni, Profesa akijiandaa kufunga mlango, Sindano alimsogelea na ile karatasi mkononi. "Baba, hebu geuza hii."

"Ya nini?"

"Usome upande wa pili."

"Mwanangu," Profesa alisema akitafuta ufunguo kwa vidole visivyotulia, "kitabu hicho nimekisoma kabla hujazaliwa. Utanifundisha mimi kitabu changu?"

Akatoka. Sindano hakumkimbilia. Alijua baba yake: ukimsukuma anakuwa ukuta. Lakini nyumba ile ilikuwa na mila moja ambayo Profesa mwenyewe asingeivunja hata kwa dawa. Nakala ya kwanza ya kila kitabu ikishakatwa, mkuu wa karakana hupuliza vumbi, huifungua, na kuwasomea wote waliomo kwa sauti kabla kazi haijaendelea. Kila mara Profesa alichagua mwenyewe pa kusoma, mistari michache, akafunga. Sindano akarudi mezani, akazikunja karatasi zote za nakala moja ziwe vitita, akavibana, akavishona kwa mishono midogo ya kubana kuliko siku zote. Alishona kama anayeziba tundu kwenye paa mvua inakuja.

Siku ya kukabidhi kisu, Profesa alivaa koti. Mama alileta kiti akakaa karibu na mlango, na Fundi Viatu akaja kutazama, kiatu cha mtu kikiwa bado mkononi. Mpwa alisimama mbele ya mashine kama mtu anayengoja kung'olewa jino.

"Weka. Sawazisha. Bana. Bana zaidi. Vuta mpini," Profesa aliamuru.

Mpwa akaweka, akasawazisha, akabana. Akavuta. Kisu kikashuka na ule mlio wake wa kuguna. Akageuza, akavuta tena, mpaka pande tatu zikakatika, vipande vya karatasi vikaanguka kama maganda, na kitabu kikafunguka. Hakikuharibika. Sindano, aliyekuwa amejiapiza kwamba atasema kweli hata ikimuuma, alikiri moyoni kwamba kijana amekata kama watu.

"Damu!" Profesa alisema, uso umemeremeta. "Nilisema nini mimi?"

"Ulisema," Fundi Viatu aliitikia.

Profesa akapuliza vumbi, akafungua. Hakuhitaji kutafuta. Aliufikia ukurasa wa kumi na saba kwa kidole tu, akainua macho kwa watu, akasoma bila kutazama, maana alilijua kwa moyo: "Tabia ya mtu iko damuni. Elimu ni rangi juu ya ubao. Ukiikwaruza, ubao ni ule ule." Akaanza kufunga.

"Endelea, baba," Sindano alisema.

"Hapo panatosha."

"Mkuu wa karakana husomea waliomo. Mimi nimo. Naomba ukurasa unaofuata."

Hakuinua sauti. Lakini Mama aligeuza kiti kidogo akamtazama mumewe, na Profesa akajua kuwa sasa wameshakuwa wawili. Akafunua karatasi. Akashusha miwani. Midomo yake ilianza kwenda, ikasimama, ikaanza upya, na sauti iliyotoka haikuwa ile ya kutangazia mtaa.

"Hayo ndiyo niliyofundishwa, nami nikayafundisha. Leo nayakana. Nimelea niliowazaa na nisiowazaa, nimefundisha watoto wa matajiri na watoto wa wezi, na sijaona damu ikimfunza mtu kusema kweli. Asili humpa mtoto mkono. Mila humwonyesha wenzake wanautumiaje. Elimu humpa sababu. Lakini wema, kama ufundi, hukaa katika mkono uliorudia jambo jema mpaka ukalizoea."

Fundi Viatu alikigeuza kiatu mkononi akachungulia soli, kana kwamba jibu liko huko.

"Wamebadilisha," Profesa alisema. "Cha zamani hakikuwa hivi."

"Cha zamani kipo kabatini," Mama alisema. "Nikuletee?"

Profesa akatikisa kichwa, na asiyetaka kuletewa keshajua. Akakaa. Kisha kiburi chake kikasimama bila yeye kusimama. "Haya. Mtaalamu mmoja kajikana. Mimi nigeuze nyumba kwa sababu ya mtaalamu mmoja? Sindano, wewe unaijua karatasi. Karatasi ina nyuzi zake. Ukiikunja zinakolala inatii, ukiikunja kinyume inapasuka. Nani kaifundisha? Hiyo ni nini kama si asili?"

Lilikuwa swali la haki, na Sindano hakulikimbia. Alilifikiria, mikono juu ya aproni.

"Ni asili, baba. Siikatai. Nyuzi zinakwambia uikunje wapi. Hazikwambii uandike nini."

Mama alipiga paja. "Kuzaa si kazi, kazi ni kulea! Miaka yote nasema, ila mimi sikuchapwa kwenye karatasi."

"Mjomba," Mpwa alisema kwa upole wa mtu anayeona mlango uko wazi kidogo, "mimi mkono wangu kama ulilala, naomba uendelee kulala. Pale sokoni nina wateja."

Profesa alimtazama mpwa wake, akautazama ukingo wa kitabu. Akakinyanyua kwenye mwanga wa mlango. "Semeni mnaona nini hapa."

"Safi," Mpwa alisema.

"Umepinda unywele upande wa chini," Sindano alisema. "Mkato si mbaya. Ila gurudumu lilizungushwa haraka, karatasi za chini zikateleza kidogo kabla hazijabanwa. Wewe ukifika mwisho wa kubana huwa unangoja pumzi moja, halafu unaongeza robo ya mzunguko. Ndipo unavuta."

"Nani alikufundisha hilo?"

"Hukunifundisha. Nilikutazama."

"Tangu lini?"

"Tangu nikae mezani, baba. Kila unapokata."

Mikono ya mzee ilikuwa inatetemeka juu ya jalada, naye akaitazama kama mikono ya mgeni. Pengine aliona kilichokuwa kimeshaondoka mikononi humo, na kilikokwenda. Akasimama, akaondoka mbele ya mashine, akaonyesha kwa kidevu.

"Shona nyingine, ukate."

"Nimeshashona," Sindano alisema, akaitoa chini ya meza.

"Mtoto huyu!" Mama alisema.

Sindano aliiweka nakala kwenye mashine. Akaisawazisha kwa viganja viwili. Alizungusha gurudumu mpaka mwisho, akangoja pumzi moja, akaongeza robo, akavuta. Kisu kikaguna. Akageuza, akabana, akangoja, akavuta. Akageuza tena. Alipomaliza hakumtazama mtu; alikusanya maganda ya karatasi kwanza akayatia kapuni, maana ndivyo baba afanyavyo.

Profesa alipitisha kidole gumba ukingoni, juu, mbele, chini. Akarudia chini. Alivua koti, akamvika Sindano mabegani, likamfika magotini. Kisha akachukua kile kitabu alichokata Sindano, akamshika Fundi Viatu mkono.

"Twende kwako."

"Kwangu kuna nini?"

"Twende, nitakwambia."

Karakana na kwa Fundi Viatu palitenganishwa na ukuta wa mbao, na mbao hazina siri. Sindano alikunja mikono ya koti, akaanza kupanga vitita vya nakala zinazofuata. Mpwa alikuwa anaaga kwa furaha, akimwachia Mama kava la simu ambayo Mama hana. Kupitia ukutani sauti ya Fundi Viatu ilipanda.

"Sasa ndiyo unaniambia? Mtoto ameshakuwa mtu mzima nusu! Ina maana wataalamu wamebadilika?"

"Hawakubadilika," sauti ya Profesa ilijibu. "Mimi sikugeuza karatasi."

Kisha nyundo ya Fundi Viatu ikagonga mara moja kwa hasira, mahali pasipo na kiatu.

"Ada nitatoa wapi?"

"Tutasaidiana. Mtoto ni wa mtaa. Na jioni, akitoka huko kwa dobi, mlete kwangu. Kukunja kunahitaji mtu sasa, aliyekuwa akikunja amepanda."

"Na akiwa na damu ya mama yake?"

"Mzee mwenzangu," Profesa alisema, na Sindano aliweza kumwona kwa masikio, akishusha miwani, akifunua ukurasa kwa vidole vyake vinavyotetemeka. "Kaa chini. Nakusomea kuanzia mwanzo."

Alisoma. Safari hii hakuna kilichoruka. Sindano alisikiliza mpaka baba alipofika ukurasa wa kumi na nane, kisha akazungusha gurudumu, akangoja pumzi moja, akavuta.